Mtoto Anakoroma, Koo Limevimba: Mwongozo kwa Mzazi wa Hillbrow Anayeambiwa "Tonsesi Zitolewe"

Katika maghorofa ya Hillbrow, Berea na Yeoville, familia nyingi zinazozungumza Kiswahili, ziwe zimetoka Lubumbashi, Bukavu, Goma, Kigoma au Tanga, hulala chumba kimoja, pengine kilichogawanywa kwa pazia. Katika chumba cha namna hiyo mtoto akikoroma, upande wa pili wa pazia nao wanajua, na kila mtu ana shauri lake. Bibi anapiga simu kutoka Bukavu: mjukuu wangu akatwe kilimi. Jirani anasema, "Mama, hizo ni tonsesi, zitolewe upesi." Muuza dawa anatoa antibiotiki ya tatu tangu Mei. Baba naye ameapa mwanawe hapasuliwi.

Mwongozo huu ni wa mzazi aliye katikati ya mashauri hayo, mwenye mtoto wa kati ya miaka 2 na 8 hivi. Nitataja msimamo wangu mapema ili usiutafute: wazazi wengi huhesabu homa na maumivu ya koo, kumbe swali zito zaidi ni jinsi mtoto anavyopumua akilala. Ukilijibu hilo vizuri, nusu ya uamuzi umeshafanyika kabla hujamwona daktari bingwa.

Hatua ya 1: Jua ni nyama ipi inayozungumziwa

Washa tochi ya simu, mwambie mtoto afungue mdomo na kusema "aaa". Vivimbe viwili vilivyo pembeni mwa koo, kulia na kushoto, ndizo tonsesi. Wengine huziita mafindofindo. Kinachoning'inia katikati ni kimeo, au kilimi. Kitu cha tatu hutakiona: adenoidi, ambazo wengi wetu huziita nyama za puani. Zimekaa nyuma ya pua, juu ya kaakaa, na daktari huziona kwa eksirei ya pembeni au kwa kamera nyembamba inayopitishwa puani.

Tonsesi na adenoidi ni sehemu ya kinga ya mwili. Hukua upesi mtoto anapoanza kukutana na vijidudu vya wenzake kreshi. Adenoidi huwa kubwa zaidi kati ya miaka 3 na 6 hivi, kisha kuanzia miaka 7 au 8 hunywea zenyewe. Kwa hiyo ukubwa peke yake si ugonjwa. Daktari akikuambia "ni kubwa sana", muulize zinamzuia nini: kupumua, kumeza, kusikia, au hazimzuii kitu? Isipokuwa tonsesi moja ikizidi nyenzake kwa haraka, au matezi ya shingoni yakikaa wiki kadhaa bila kupungua. Hapo usisubiri, mpeleke akachunguzwe.

Kimeo hakihusiki. Najua nyumbani hulaumiwa kwa kikohozi, kutapika na hata kukonda, lakini kukikata kwa wembe hakufungui njia ya hewa iliyozibwa na adenoidi, na watoto wamekufa kwa kutoka damu, kwa pepopunda na kwa maambukizi. Akitokea mtu wa kukuahidi kukikata, iwe hapa mjini au mkienda likizo Kivu, kataa. Na kama mtoto wako alishakatwa, weka hilo akilini, maana utamwambia daktari bingwa baadaye.

Hatua ya 2: Sikiliza usiku

Mtoto mwenye mafua hukoroma, na hilo halina neno. Tunachotafuta ni kukoroma kwa usiku mwingi wa wiki, wiki baada ya wiki, hata asipokuwa na mafua. Kaa macho saa moja, hasa usiku wa manane kuelekea alfajiri, na uangalie haya: je, kuna wakati kifua kinahangaika kuvuta lakini hewa haipiti, kimya cha sekunde kadhaa, kisha anashtuka kwa mkoromo mkubwa kama aliyekabwa? Analala kichwa kikiwa kimerudi nyuma, au ameketi nusu? Jasho linamtoka hata kwenye baridi ya Julai? Anakojoa kitandani wakati alishaacha? Asubuhi anaamka na maumivu ya kichwa, mchana hatulii, mwalimu analalamika kuwa hasikilizi?

Mtu mzima aliyekosa usingizi husinzia. Mtoto mdogo mara nyingi hufanya kinyume: huchachamaa. Ndiyo maana wapo watoto wanaoitwa watukutu kumbe wanakabwa kila usiku.

Mrekodi kwa simu. Video ya dakika moja au mbili, kifua na shingo vikionekana bila shuka, sauti ikisikika, ni ushahidi ambao daktari hawezi kuupata kliniki saa nne asubuhi mtoto akiwa mzima na mchangamfu. Kipimo kamili cha usingizi, cha kulaza mtoto hospitali usiku kucha na waya mwilini, ni adimu katika hospitali za umma. Madaktari wengi huamua kwa maelezo ya mzazi, uchunguzi wa koo, na pengine kifaa cha kidoleni kinachopima oksijeni usiku. Video yako inaingia hapo.

Upasuaji unasaidia kiasi gani kwa mtoto wa aina hii? Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2013 ulifuata watoto 464 wa miaka 5 hadi 9 waliokuwa wakikatika pumzi usingizini. Nusu walipasuliwa mapema, nusu wakangojea chini ya uangalizi. Baada ya miezi 7, vipimo vya usingizi vilikuwa vya kawaida kwa asilimia 79 ya waliopasuliwa, na asilimia 46 ya waliongojea. Tabia, usingizi na hali ya maisha viliboreka zaidi kwa waliopasuliwa, ingawa mitihani ya umakini haikuonyesha tofauti ya maana. Isome namba hiyo pande zote mbili: kisu kilifanya kazi, na karibu nusu ya waliongojea nao walipata nafuu. Ila watoto ambao oksijeni yao ilishuka sana kwa muda mrefu hawakuingizwa katika utafiti huo. Mtoto anayegeuka bluu midomoni, au asiyeongezeka uzito, hayumo katika kundi la kungojea.

Hatua ya 3: Hesabu koo kwa maandishi, si kwa kumbukumbu

"Kila mwezi anaumwa tonsesi" ni sentensi ambayo madaktari wa koo huisikia mchana kutwa. Ukiuliza tarehe, hazipo. Kwa nini? Kwa sababu homa mbili alitibiwa kliniki, tatu kwa dawa ya dukani, moja kwa tangawizi na asali, na nyingine ilikuwa mafua tu.

Kipimo kinachotumika karibu dunia nzima kilitokana na kazi ya Jack Paradise na wenzake, Pittsburgh, iliyochapishwa mwaka 1984. Mtoto anafikia kiwango cha kufikiriwa upasuaji kwa sababu ya koo akiwa na maambukizi 7 au zaidi katika mwaka mmoja, au 5 kila mwaka kwa miaka 2, au 3 kila mwaka kwa miaka 3. Na si kila maumivu ya koo yanahesabika: lazima kuwe na angalau kimojawapo cha hivi, homa inayozidi nyuzi 38.3, matezi ya shingo yaliyovimba au kuuma, utando mweupe juu ya tonsesi, au kipimo kilichothibitisha bakteria aina ya streptokoki. Koo linalouma pamoja na makamasi, kikohozi na macho mekundu mara nyingi ni virusi. Usilihesabu, wala usimpe mtoto antibiotiki kwa sababu yake.

Hata waliofikia kiwango hicho, faida ilikuwa ya wastani: koo lilipungua kuuma kwa miaka miwili hivi, na wale ambao hawakupasuliwa nao walianza kupungukiwa. Kundi lile lile la watafiti lilirudi mwaka 2002 na watoto wenye matatizo mepesi zaidi, likaona faida haitoshi kuhalalisha maumivu na hatari ya upasuaji. Kwa hiyo mtoto aliyeumwa koo mara nne katika mwaka mmoja tu, anayelala vizuri, mwache na tonsesi zake.

Utaratibu ni huu: kila akiugua, mpeleke kliniki na uhakikishe imeandikwa katika kile kijitabu cha afya ya mtoto anachopewa kila anayezaliwa Afrika Kusini. Kama kimepotea, omba kingine. Kurasa hizo, zikiwa na tarehe na joto la mwili, zina uzito mbele ya daktari kuliko ufasaha wako wote.

Jambo moja lisichanganywe na haya. Kusema upasuaji hauhitajiki si kusema koo lipuuzwe. Streptokoki isiyotibiwa inaweza kuleta homa ya rumatiki, na homa hiyo huharibu vali za moyo. Marehemu Profesa Bongani Mayosi, daktari bingwa wa moyo wa Cape Town, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi kulipigia kelele jambo hilo, kwa sababu ugonjwa huu uliokaribia kwisha katika nchi tajiri bado unaua vijana wa Afrika. Koo likionekana kuwa la streptokoki, muuguzi atatoa sindano moja ya penisilini au dawa ya kunywa ya siku 10. Siku 10 ni siku 10, hata mtoto akianza kuruka ngazi siku ya tatu.

Hatua ya 4: Jaribu kwanza yasiyo ya kisu

Kama mtoto anapumulia mdomo na kukoroma lakini hakatiki pumzi, uliza kuhusu dawa ya steroidi ya kupulizia puani. Hutumika kila siku kwa wiki kadhaa, na kwa baadhi ya watoto hupunguza uvimbe wa adenoidi hadi upasuaji unakosa sababu. Haifanyi kazi kwa siku mbili, na wengi huiacha hapo. Elekeza mdomo wa chupa upande wa sikio, si katikati ya pua, ili isichubue na kutoa damu.

Tazama na chumba chenyewe. Johannesburg iko mita zaidi ya 1,700 juu ya usawa wa bahari, na baridi yake ni kavu. Pua ya mtoto aliyetoka Mombasa au Uvira hulipa gharama hiyo. Ongeza ukungu kwenye ukuta usiopata jua, mende, vumbi la zulia, sigara ya mjomba, na jiko la mafuta ya taa lililowashwa ndani kupasha chumba moto. Huwezi kuhama jengo kwa sababu ya adenoidi, najua. Lakini sigara inaweza kuvutwa nje, godoro linaweza kuanikwa juani, na dirisha likafunguliwa kidogo jiko linapowaka. Hilo la mwisho ni muhimu kuliko hata tonsesi, maana moshi wa jiko ndani ya chumba kilichofungwa huua.

Usisahau masikio. Mtoto anayeongeza sauti ya televisheni au asiyeitika akiitwa kwa nyuma huenda ana majimaji nyuma ya ngoma ya sikio. Omba apimwe usikivu. Kwa mtoto wa miaka 4 na zaidi ambaye tatizo hilo linarudi, kutoa adenoidi, mara nyingi pamoja na kuweka vibomba vidogo masikioni, ni shauri la maana hata kama tonsesi hazina kosa.

Hatua ya 5: Anza safari ya rufaa kabla hajatimiza miaka 6

Hapa ndipo mzazi wa kigeni anapopoteza muda.

Sheria ya Taifa ya Afya ya mwaka 2003 inasema mtoto wa chini ya miaka 6 asiye na bima ya matibabu anahudumiwa bure katika vituo vya umma, hospitali zikiwemo. Kwa muda fulani hospitali za Gauteng zilikuwa zikiwatoza wazazi wasio na hati, mpaka Aprili 2023 Mahakama Kuu ya Johannesburg ilipoamuru kwamba wajawazito, wanaonyonyesha na watoto wa chini ya miaka 6 wahudumiwe bure bila kujali uraia wala karatasi, na hospitali zibandike tangazo la kusema hivyo. Akitimiza 6, matibabu ya kliniki ya mtaa hubaki bure, lakini hospitali hupanga malipo kwa kipato, na asiye na hati anaweza kuhesabiwa mlipaji kamili. Mkimbizi mwenye hati halali ana haki ya huduma za msingi za afya sawa na mwenyeji, kwa mujibu wa Sheria ya Wakimbizi ya 1998.

Sasa weka pamoja mambo mawili: orodha za kungojea upasuaji katika hospitali za umma ni ndefu, na siku ya kuzaliwa haingojei orodha. Mtoto wa miaka minne na nusu anayekatika pumzi usiku aanze kufuatiliwa mwezi huu, si baada ya Krismasi.

Anzia Kituo cha Afya cha Hillbrow au kliniki iliyo karibu na unapoishi. Huwezi kwenda moja kwa moja kwa daktari wa masikio, pua na koo. Unahitaji barua ya rufaa. Kutoka mitaa yetu barua hiyo mara nyingi huelekea Charlotte Maxeke, pale Parktown, hospitali ambayo wazee wa mji bado huiita Joburg Gen, kwa jina lake la zamani, na ambayo ilikuwa hapa hapa Hillbrow hadi ilipohamia kilimani mwaka 1978. Beba kijitabu cha mtoto, cheti cha kuzaliwa au karatasi yoyote yenye tarehe yake, hati yako ya ukimbizi au pasipoti kama unayo, na zile video. Waambie wazi: "Anaacha kupumua usingizini." Maneno hayo hupanga foleni tofauti na "anaumwa tonsesi".

Umesikia, au umeona, vikundi vinavyosimama getini na kudai vitambulisho. Novemba 2025 Mahakama Kuu ya Johannesburg ilikiamuru kikundi cha Operation Dudula kiache vitendo hivyo. Raia wa kawaida hana mamlaka ya kukuomba hati mlangoni pa kliniki. Hata hivyo usigombane ukiwa na mtoto mgongoni. Andika tarehe, saa na kituo, kisha wasiliana na SECTION27 au Lawyers for Human Rights, mashirika ya kisheria yaliyopo humu humu Johannesburg. Na kama ni dharura, Katiba, ibara ya 27, inakataza mtu yeyote kunyimwa matibabu ya dharura.

Hatua ya 6: Hakikisha mwenye sahihi yupo

Watoto wengi wa jamii yetu wanalelewa na shangazi, mama mdogo au bibi, wazazi wakiwa Durban, Kinshasa au njiani. Kwa matibabu ya kawaida hilo si tatizo kubwa. Kwa upasuaji ni tatizo. Sheria ya Watoto ya mwaka 2005 inataka ridhaa ya upasuaji wa mtoto wa chini ya miaka 12 itolewe na mzazi au mlezi wa kisheria. Msimamizi wa hospitali anaweza kuridhia pale tu maisha ya mtoto yako hatarini, au anaweza kupata madhara makubwa au ya kudumu, na hakuna muda wa kusubiri, na tonsesi za kupangiwa tarehe hazimo humo. Nimeona familia zikirudishwa nyumbani asubuhi ya upasuaji, mtoto ana njaa tangu usiku, kwa sababu aliyekuja naye ni shangazi. Muulize mratibu wa kliniki mapema hospitali inakubali nini kutoka kwa mzazi aliye mbali, na kama hakuna mzazi kabisa, muone afisa ustawi wa jamii wa hospitali miezi kabla, si siku ile.

Sheria ya Afya inasema pia kwamba maelezo yatolewe, inapowezekana, kwa lugha unayoielewa. Omba mkalimani. Usimtumie dada yake wa miaka 11 kutafsiri habari za kutoka damu.

Hatua ya 7: Mbele ya daktari bingwa

Kisa kimoja cha New York kinanisaidia kila nikimsikia daktari mwenye haraka. Mwaka 1934 ulitolewa uchunguzi wa watoto wa shule 1,000. Kati yao 611 walikuwa wameshatolewa tonsesi. Waliobaki, 389, walipelekwa kwa madaktari, ambao walisema 174 wanahitaji upasuaji. Wale 215 walioambiwa ni wazima wakapelekwa kwa madaktari wengine: 99 wakapendekezwa. Waliobaki 116 wakaonwa tena: 51 wakapendekezwa. Mwishowe walibaki watoto 65 tu ambao hakuna aliyetaka kuwapasua. Tangu hapo vigezo vimeimarika, lakini ukiona daktari ametazama koo sekunde tano na kufungua kalenda bila kuuliza mtoto analalaje, una haki ya kutafuta maoni ya pili.

Muulize: unatoa nini, tonsesi, adenoidi au vyote, na kwa sababu ipi? (Kwa kukatika pumzi kawaida hutolewa vyote viwili.) Tukingoja miezi sita, hatari ni ipi? Atalala hospitali usiku ule? Mtoto wa chini ya miaka 3, au mwenye kukatika pumzi kwa kiwango kikali, anapaswa kulazwa. Je, mnafanya upasuaji wa kupunguza tonsesi badala ya kuzitoa zote? Maumivu huwa madogo kuliko ya kuzitoa zote na damu hupungua, ingawa mara chache huota tena.

Kisha kuna mambo ambayo daktari wa hapa huenda asikuulize, nawe ni lazima uyaseme. La kwanza, sikoseli. Ugonjwa wa selimundu ni nadra kwa wenyeji wa Afrika Kusini, lakini Kongo, Tanzania na Uganda umejaa. Mtoto mwenye sikoseli anaweza kupasuliwa, na tonsesi kubwa kwake ni za kawaida, ila nusu kaputi inahitaji maandalizi ya maji, oksijeni na pengine damu. Kama hajawahi kupimwa na kuna historia katika ukoo, apimwe kabla. La pili, kimeo kilichokatwa au kaakaa lenye mpasuko: adenoidi zikitolewa kwa mtoto wa aina hiyo, sauti inaweza kubaki ya puani na maji yakarudi puani. La tatu, ndugu yeyote aliyetoka damu kupita kiasi kwenye tohara, uzazi au kung'oa jino. La nne, meno yanayotikisika. La tano, kama mama ana VVU au mtoto hajapimwa, sema, maana VVU vyenyewe huvimbisha adenoidi na matezi, na hapo tiba ya kwanza ni ARV.

Ukienda hospitali ya binafsi, ujue bili haiji moja. Daktari mpasuaji, daktari wa nusu kaputi na hospitali yenyewe kila mmoja hutoza peke yake. Omba makadirio ya maandishi ya wote watatu kabla ya kuweka amana. Aliyejiunga na bima ya matibabu karibuni anaweza kuwekewa muda wa kungoja hadi miezi 12 kwa ugonjwa uliokuwepo tangu awali. Na ule mpango wa kulipwa pesa taslimu kwa kila siku ya kulazwa si bima ya matibabu, hata wakala akisema nini.

Kuhusu hofu ya kwamba kinga itaisha: mwili una sehemu nyingine nyingi za kazi hiyo. Utafiti mkubwa wa Denmark wa 2018, uliofuatilia rekodi za watoto karibu milioni 1.2, uliona magonjwa ya njia ya hewa yakiwa mengi zaidi baadaye kwa waliopasuliwa, lakini utafiti wa rekodi hauwezi kuthibitisha kwamba kisu ndicho sababu. Nauchukua kama sababu ya kutopasua ovyo. Hautoshi kumwacha mtoto akabwe.

Hatua ya 8: Siku ya upasuaji na wiki mbili zinazofuata

Fuata masharti ya kufunga: kwa kawaida saa 6 bila chakula wala maziwa ya kopo, maji matupu hadi muda watakaokutajia. Akiamka na homa au kikohozi cha makohozi, piga simu. Kuahirisha ni salama kuliko kulazimisha. Kazi yenyewe hupitia mdomoni, bila kovu la nje, na haimalizi saa moja.

Maumivu ndiyo mzigo. Hudumu siku 7 hadi 14, na mara nyingi huzidi kati ya siku ya 4 na ya 7, wakati wewe ulidhani yamekwisha. Masikio yatauma, mdomo utanuka, na koo litakuwa na utando mweupe. Vyote vya kawaida, na utando huo si usaha. Mpe parasetamoli kwa saa, si kwa kilio: miligramu 15 kwa kila kilo, kila baada ya saa 6. Mtoto wa kilo 16 anahitaji miligramu 240, yaani mililita 10 za sharubati ya miligramu 120 kwa mililita 5. Pima kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Ibuprofeni hutumika pamoja nayo daktari akiruhusu, aspirini hapana.

Kodini, kamwe. Afrika Kusini kuna sharubati za maumivu zilizochanganywa na kodini, na mtu atakuletea kwa nia njema. Baadhi ya watu, na katika Pembe ya Afrika wako wengi kuliko kwingine, hugeuza kodini kuwa mofini kwa kasi, na watoto waliotoka kutolewa tonsesi wamekufa usingizini kwa hilo. Marekani iliweka onyo kali mwaka 2013, na 2017 ikakataza dawa hiyo kwa walio chini ya miaka 12. Soma boksi, ukiona neno codeine, rudisha.

Maji, maji, maji. Uji wa baridi, maas, juisi isiyo chachu, aiskrimu, pap laini na mchuzi. Akiweza ugali wa kawaida, ale, kutafuna kunasaidia. Asipokojoa saa 12, mrudishe hospitali.

Na damu. Ukaguzi mkubwa uliofanywa Uingereza kati ya 2003 na 2004, wa wagonjwa karibu 34,000 wa rika zote, ulikuta asilimia 3.5 walitoka damu na asilimia 0.9 walirudishwa chumba cha upasuaji. Hutokea ndani ya saa 24, au siku ya 5 hadi ya 10 utando unapobanduka. Kwa hiyo kwa wiki mbili asiende shule, asipande basi la Lubumbashi wala Harare, na nyumbani kuwe na mpango: nani ana gari usiku, lifti ikifa nani atambeba kushuka ngazi, nani atabaki na wadogo zake. Damu mbichi mdomoni, kutapika kitu cheusi, au kumeza-meza mfululizo akiwa amelala: mketishe ameinama mbele, ateme kwenye beseni, usimpe chochote, piga 10177, au 112 kwa simu ya mkononi, au mkimbize hospitali kwa gari lolote lililopo. Usingoje kuche.

Akipona, endelea kumsikiliza usiku. Miezi miwili au mitatu baadaye, kama bado anakoroma na kukatika pumzi, rudi na video mpya, kwa sababu upasuaji hauwaponyi wote, hasa watoto wanene, wenye sikoseli na wenye mzio wa pua.